Karamu Isiyoonjwa

Nchi ninayoisimulia haipo. Nalisema hili mapema, kwa faida ya wale wasomaji wa kazi maalumu ambao husoma aya ya kwanza tu, kisha huenda kunywa chai. Haipo, haijawahi kuwapo, na viongozi wake walikuwa watu wema sana.

Sasa kwa kuwa wamekwenda kunywa chai, tuendelee.

Katika nchi hiyo kulikuwa na mabwana na kulikuwa na watumwa, na baina yao kulikuwa na mapenzi makubwa. Habari za mapenzi hayo ninazo kwa masikio yangu mwenyewe, maana nilikuwa mwajiriwa wa Baraza Kuu, cheo changu Kiongozi wa Makofi. Nilikaa nyuma ya pazia, na kila mheshimiwa alipomeza mate nilianzisha makofi ili wajumbe waliosinzia wajue kwamba jambo kubwa limesemwa. Vikao vyote niliwasikia wakieleza jinsi watumwa wao wanavyowapenda. "Yule wangu ni kama mwanangu wa kumzaa," alikuwa akisema mmoja. "Anakula chakula kilekile tunachokula sisi, tukishakimaliza." Nami nikapiga makofi.

Ilikuwapo pia desturi ya kuonja. Bwana hakutia tonge kinywani mpaka mtumwa wa nyumba aonje chakula hichohicho, tena mbele yake, tena ameze. Akishameza, watu wote mezani walinyamaza kusubiri mbweu. Mtumwa akipiga mbweu, chakula kilihesabiwa kuwa salama na bwana akanawa mikono. Asipopiga, alipewa maji, akapigwapigwa mgongoni, na wageni wakaanza kuulizana kwa macho. Desturi hiyo aliianzisha mtawala wa zamani sana aliyewaogopa ndugu zake. Ndugu walikwisha kufa wote, kwa sababu mbalimbali, lakini desturi ilibaki.

Hakuna aliyeuliza kwa nini mtu anayependwa kiasi hicho alihitaji kuonjewa. Mimi mwenyewe nilikuwa na mtumwa mmoja, Feruzi, aliyeonja uji wangu kila asubuhi. Sikuwahi kumshuku hata siku moja. Nilimtazama koo tu.

*

Ndipo akazuka Rubea.

Rubea alikuwa mjumbe wa Baraza, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, na kwa muda mrefu hakuna aliyemdhania ubaya. Siku moja jirani yake alichungulia juu ya ukuta akamwona uani anaosha sahani aliyolia chakula mwenyewe. Habari ilifika Idara ya Kusikiliza kabla sahani haijakauka. Mji ukaingia mashaka. Mtu anayeosha sahani yake mwenyewe, watu waliulizana, anafuta alama za nini? Uchunguzi ukaonyesha kwamba hakuwa na mtumwa hata mmoja. Alikuwa nao wawili wa kurithi, akawaachia bila sherehe wala kelele, jambo lililozidi kutia shaka, maana katika nchi ile mtu akitenda wema huita wapiga picha.

Haukupita muda akaleta mswada. Ulikuwa na sentensi moja: hakuna mtu atakayekuwa mali ya mtu. Spika aliigeuza karatasi nyuma na mbele akitafuta vifungu vidogo, akavikosa. Wajumbe wazoefu walisema hawajawahi kuona sheria ya hatari kama ile, sheria ambayo hata mpishi angeielewa.

Wapinzani wake wakaunda Umoja wa Wapenda Watumwa, na mwenyekiti wao akawa Mheshimiwa Mwinyi Shali, mtu mkubwa wa umbo na wa maneno, mwenye mashamba, nyumba ya ghorofa na mpishi aliyesifika nchi nzima. Kwanza Umoja uliomba iundwe Kamati ya Utayari, ili ichunguze kama watumwa wako tayari kuwa huru. Kamati ilikwenda nyumba kwa nyumba ikiwauliza watumwa, mbele ya mabwana zao, kama wanawapenda mabwana zao. Wote walisema wanawapenda. Mmoja tu hakujibu kitu, akaandikwa kwamba mapenzi yalimkaba koo. Kamati ikahitimisha kwamba mtumwa atakuwa tayari siku atakapouomba uhuru mwenyewe. Ila mtumwa anayeomba uhuru, ikaongeza, ni mkosefu wa adabu, na mkosefu wa adabu hayuko tayari.

Niliipigia taarifa ile makofi ya daraja la kwanza.

Siku ya mjadala Mwinyi Shali alisimama, akashika kola ya joho lake.

"Mheshimiwa Spika, wahenga walinena: ada ya mja kunena, muungwana ni kitendo. Hawa tukiwaachia, watanena mpaka lini? Na sisi waungwana, tuliozaliwa kutenda, tutatendewa na nani?"

Makofi. Hata waliokuwa macho walipiga.

Rubea akainuka polepole. "Nakubaliana na mheshimiwa. Muungwana ni kitendo. Basi naomba kitendo kimoja tu. Anasema mpishi wake anampenda. Ale chakula cha mpishi wake bila kuonjewa."

Nyuma ya pazia mikono yangu ilining'inia hewani, maana sikuwa nimefundishwa makofi ya hali ile. Mwinyi Shali alitazama kulia na kushoto, akaona macho ya wenzake, akaona na wale watumwa waliosimama ukutani na majagi ya maji. Kiburi kikamtangulia.

"Nitakula," akasema. "Si mimi peke yangu. Umoja mzima utakula, hadharani, na hakuna mtumwa atakayeonja hata punje."

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nilishangaa tu kuona kwamba wanachama wa Umoja hawakunifuata haraka kama ilivyo kawaida yao.

*

Mtukufu Kiongozi wa nchi aliletewa majigambo yale na Idara kabla Mwinyi Shali hajakaa kitini. Yakamfurahisha. Inasemekana alikuwa anamshuku Mwinyi Shali tangu kitambo, kwa kuwa makofi yake yalikuwa yanazidi kurefuka, jambo ambalo mimi silijui.

Akatangaza redioni kwamba kutakuwa na Karamu ya Mapenzi katika uwanja wa ikulu. Mpishi atakuwa mpishi wa Mwinyi Shali, na walaji watakuwa Umoja. Chakula kikiliwa kingali cha moto, mapenzi yatakuwa yamethibitika na mswada utazikwa pamoja na aliyeuleta. Baadaye msemaji wake alifafanua kwamba utakaozikwa ni mswada tu, kwa sasa. Na chakula kikipoa kabla hakijaliwa, Mtukufu ataweka sahihi palepale mezani.

Kuanzia hapo tabia ya mabwana ilibadilika. Waliwaamkia watumwa wao asubuhi. Watumwa walioamkiwa walikwenda kujificha, wakidhani wameuzwa. Mheshimiwa mmoja alimuuliza mtunza bustani wake habari za goti lake, mtunza bustani akajibu kwamba hana goti. Idara ikaripoti kwamba watumwa wanasikika wakicheka majikoni, na kwa kuwa ripoti haikusema wanacheka nini, ilipelekwa ngazi za juu.

Nilitumwa nyumbani kwa Mwinyi Shali kupanga makofi ya karamu. Nilimkuta mkewe, Bi Ruzuna, ukumbini akifungasha zawadi za harusi. Binti yao alikuwa anaolewa na mtu wa milimani, safari ya mbali, na msafara ulikuwa uondoke asubuhi ya pili yake, karamu ikishapita. Kulikuwa na vitanda, masinia, mito iliyotarizwa, na pembeni ya mito alikaa msichana ameshika magoti.

"Huyo ni Tufaha," Bi Ruzuna akaniambia. "Mtoto wa mpishi. Anakwenda na vyombo."

Mpishi mwenyewe alikuwa anapita na kapu la vitunguu. Jina lake Siwatu. Mama yake, mtumwa wa nyumba ileile, ndiye aliyempa jina hilo siku aliyomzaa, akiwatazama wenye nyumba waliokuja mlangoni kumhesabu mtoto. Wenye nyumba walidhani jina linamhusu mtoto, wakalipenda.

"Bibi," Siwatu akasema, "huko milimani ni mbali kiasi gani?"

"Mbali kidogo tu."

"Nitamwona lini?"

"Nitakapokwenda kuwatembelea, nikikumbuka nitakuchukua." Bi Ruzuna alivuta kamba ya godoro. "Siwatu, nawe usinitie simanzi siku za furaha. Mtoto hapotei. Anahama nyumba moja ya kwetu kwenda nyumba nyingine ya kwetu. Wewe pika vizuri, huo upuuzi wa Rubea uishe, kila mtu alale salama."

"Nitapika, bibi," akasema Siwatu. "Nitapika kuliko siku zote."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Hata hivyo Bi Ruzuna aliacha kamba, akamfuata kwa macho mpaka alipoingia jikoni, kisha akaniuliza kama nimeona kitu chochote usoni mwake. Nikasema sikuona. Akasema hicho ndicho kinachomtisha.

Mimi, ambaye simshuku mtu, nilipita Idara nikiwa njiani kurudi, kuwatajia tu.

*

Siku ya karamu ilikuwa mchana wa jua kali. Wanachama wa Umoja waliagizwa waje na njaa, ili hamu yao ionekane, na wengi hawakuwa wamekula tangu usiku uliotangulia. Walikaa kwenye meza ndefu wamevaa majoho na nishani. Nyuma ya kila kiti alisimama mtumwa wa bwana huyo, mikono kifuani. Raia walijazana nje ya uzio. Mwisho wa meza, mahali penye jua, akawekewa kiti Rubea, ili ashuhudie kushindwa kwake. Mtukufu alikaa kichwani mwa meza, na Mwinyi Shali kuumeni kwake.

Siwatu akafunua masufuria. Nimehudhuria dhifa nyingi, lakini harufu ile sijaisahau. Ilikuwapo pilau iliyochambuka punje kwa punje, kuku wa kupaka, samaki wa nazi, na mikate ya kumimina iliyopanda vizuri. Sahani zikajazwa, mvuke ukapanda, na meza nzima ikasikika ikimeza mate. Nikapiga makofi.

Mwinyi Shali akatoa hotuba ya mapenzi. Alisema kwamba kati yake na mpishi wake hakuna ukuta, kwamba mtumwa akipewa uhuru ni sawa na kumnyang'anya mama yake, na kwamba leo ulimwengu utaona. Akakaa. Tufaha akapita na birika na bakuli, akawanawisha wote mikono, mmoja baada ya mwingine. Kila aliyenawa alimtazama msichana usoni kwa makini, kisha akatazama maji.

"Karibuni," akasema Mtukufu.

Hakuna aliyekaribia.

"Karibu wewe, Mtukufu," akasema Mwinyi Shali, ameinama kwa heshima. "Adabu hainiruhusu kukutangulia."

"Hapana, mheshimiwa. Leo mwenye shughuli ni wewe. Karibu."

"Basi tuanze na mkubwa wetu kwa umri. Mzee Waziri, karibu."

Mzee Waziri alisema meno yanamsumbua, akamkaribisha jirani yake. Jirani alikuwa amefunga sunna. Aliyefuata alikuwa na kiapo cha kutokula kuku, na aliyemfuata huyo alikuwa na kiapo cha kutokula wali, kwa ajili ya marehemu shangazi yake. Neno karibu lilizunguka meza nzima likarudi kwa Mtukufu, na lilirudi bila kula kitu. Nje ya uzio raia walianza kunong'ona.

Ghafla kule mwisho wa meza ikasikika sauti ya mtu anatafuna. Rubea alikuwa anakula. Alikula kwa mkono, bila haraka, akanyofoa paja la kuku, akachovya mkate kwenye mchuzi.

Ingekuwa nchi nyingine, watu wangetulia. Hapa meza ilipauka.

"Mnaona?" akanong'ona Mzee Waziri. "Anakula bila wasiwasi. Amejuaje kwamba ni salama?"

"Kwake yeye ni salama," akasema jirani yake. "Wako pamoja."

"Chakula ni kitamu," Rubea akasema. "Kitapoa."

Mtukufu akagusa mvuke wa sahani yake kwa kiganja. Ulikuwa umepungua. Mwinyi Shali akaona kwamba sasa kila kitu kiko juu yake. Akakata tonge, akalifinyanga, akaliinua, na mkono ukasimama baina ya sahani na kinywa. Akageuza shingo.

"Siwatu."

"Naam, bwana."

"Unanipenda?"

"Bwana umelisema mwenyewe mbele ya watu. Mimi ni nani nikubishie."

Jibu lilikuwa zuri, kila neno lilikuwa la adabu, na jasho likamtoka Mwinyi Shali kwenye paji la uso. Akashusha sauti, lakini nilikuwa karibu.

"Una neno lolote moyoni juu yangu?"

"Ninalo moja, bwana."

"Lipi?"

"Tufaha."

Mwinyi Shali akamtazama msichana aliyesimama na birika, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Miaka yote aliyokula kwenye nyumba ile, halikumpitia akilini kwamba mtu anayempikia anaweza kuwa na sababu. Akalitazama tonge.

"Haendi," akasema haraka. "Nimefuta. Tufaha haendi popote. Ruzuna atafute zawadi nyingine."

"Ahsante, bwana," akasema Siwatu. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Basi kula."

Mwinyi Shali aliinua tonge mpaka likagusa mdomo, kisha akaganda. Nilimwona anavyofikiri, maana uso wake haukuwa na pa kuficha fikra. Ikiwa sasa ndipo anaambiwa ale, je, kabla ya hapo hakupaswa kula? Na kama kabla ya hapo hakupaswa kula, je, neno la sasa linaweza kukifikia kile kilichokwisha kupikwa tangu asubuhi?

Tonge likarudi kwenye sahani. Alilirudisha kwa uangalifu mkubwa, akafuta vidole kwenye joho.

"Onja," akamwambia Siwatu. Hakuwa ananong'ona tena. "Onja kwanza wewe."

Raia nje ya uzio walimsikia. Rubea akavunja mfupa. Mtukufu akatumbukiza kidole katika pilau yake, akakitoa, akakifuta, akasema kwamba chakula kimepoa. Kwamba yeye mwenyewe hakuwa amekula hata tonge moja, hakuna aliyelitaja. Akaomba kalamu. Aliweka sahihi juu ya meza ileile, na tone la mchuzi likaangukia kwenye karatasi. Baadaye waliligeuza kuwa nembo ya taifa.

Mikono yangu ilikuwa tayari, lakini nilimtazama Mtukufu na Mtukufu akanitazama, na hakuna kati yetu aliyejua kama hilo lilikuwa jambo la kupigiwa makofi.

Siwatu ndiye aliyesogea. Alimwambia Mwinyi Shali, "Nipishe," na mtu yule mkubwa akainuka, sijui kwa nini, akampisha kiti. Siwatu akamwita mwanawe, wakakaa bega kwa bega kwenye kiti kimoja, akajivutia sahani ile iliyopoa na lile tonge lililoachwa. Wakala. Siwatu alimchambulia mwanawe samaki miiba, na machozi yalikuwa yanamdondoka, akaacha yadondoke. Umoja wote ulisimama na njaa yake ukiwatazama koo. Walimaliza. Meza nzima ikatega masikio, ikisubiri.

Siwatu akafunga mdomo, akanawa mikono, akamshika mwanawe, wakaondoka kupitia lango kubwa. Hakupiga mbweu.

*

Mpaka leo hakuna ajuaye kwa hakika kile chakula kilikuwaje. Mabaki yalizikwa kwa ulinzi. Rubea yu hai, ana afya, na kwa hiyo anachunguzwa. Mwinyi Shali naye amejengewa sanamu mbele ya Baraza, mkono umeinuliwa na tonge, kwa kuwa imebainika kwamba ndiye aliyeikomboa nchi. Hotuba zake za zamani zimepitiwa upya, na wataalamu wameona kwamba alikuwa anapinga utumwa muda wote kwa njia ya kuutetea. Nilimpigia makofi siku ya uzinduzi, marefu. Umoja wake bado upo na bado unapenda. Siku hizi unaiomba serikali iwatazame waungwana wanaokonda.

Siwatu na mwanawe wamefungua mgahawa kando ya soko. Raia wanajipanga mlangoni. Waheshimiwa nao hupita hapo, wanasimama upande wa pili wa barabara, wananusa, wanakwenda zao.

Feruzi aliondoka kwangu asubuhi ya siku ya pili. Alikunja mkeka wake, akaniambia unga uko kwenye mtungi na kuni ziko nyuma ya nyumba, akaenda. Hakugeuka. Nilijiambia ni huzuni ya kuniacha.

Nikawasha moto mwenyewe. Nikakoroga uji mwenyewe, unga nikiuchota kwa mkono wangu, maji nikiyateka kwa mkono wangu. Nikaumimina kwenye bakuli, nikakaa mbele yake. Mvuke ulipanda, ukapungua, ukaisha, uji ukafanya ngozi juu, nami nilikuwa bado nautazama. Nilimjua aliyeupika, na sikumwamini.